Kipimo Kilichodanganya Asubuhi

Tangu nistaafu, mke wangu Mwanaisha ameniuliza mara tatu kama sina mahali pa kwenda. Ataka kupepeta mchele wake bila mtu wa kumwambia kwamba ungo unatikisika kwa upande mmoja. Basi nimechukua kalamu, nimejitenga barazani, nawaandikia nyinyi vijana mliobaki karakana, kwa kuwa siku ya kuagana mliniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa zamani. Mliomba kwa adabu, lakini niliwaona mkikonyezana. Mlidhani nitawasimulia vyeo. Vyeo vimo kwenye faili, nendeni mkavisome huko siku mkikosa usingizi. Mimi nitawaeleza kosa langu moja ambalo halimo kwenye faili yoyote.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, kwenye kiwanda cha sukari huko kusini ya Msambweni. Nilitoka kwetu Tiwi alfajiri, nikadandia lori lililokuwa likitoka kivuko cha Likoni, nikafika nimejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya Idi. Hakuna aliyeniambia kwamba sakafu ya kiwanda cha sukari huwa na asali ya miwa kila mahali, nzito, yenye kunata. Nilipiga hatua nne ndani ya mlango. Hatua ya tano mguu ulikuja, kiatu kikabaki. Watu wa zamu wakasimama kunitazama ninavyokivuta kwa mikono miwili, na mmoja akaniuliza kama kiatu nacho kimeandikwa kazi. Nilirudi nyumbani jioni hiyo pekupeku.

Niliwekwa chumba cha injini, chini ya Mzee Rashidi. Huyu alikuwa mwenyeji wa Msambweni, na ndiye aliyeiendesha injini kubwa ya mvuke iliyozungusha rola za kukamulia miwa. Kofia yake nyeupe haikuwahi kupata hata tone la greisi, na sijui hadi leo alikuwa akifanyaje. Alikuwa na majivuno, Mungu amrehemu, na majivuno yake yote yalikuwa kwenye mkono wa kulia. Mkono ule hakuubebesha kuni wala haukushika nyundo. Kila alipomaliza kula aliuosha kwa sabuni na ndimu, akaukausha, akautazama. Kisha alikwenda kuuweka juu ya beringi za injini, zile zinazobeba mhimili, moja baada ya moja, kama mama anayepima homa ya mtoto, na alikwambia hali ya kila moja.

"Hii yapumua vizuri," alikuwa akisema. "Hii yataka mafuta. Hii iache, ina kinyongo na ya jirani yake."

Nami nilicheka. Ndiyo, nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, na mtu wa darasa la saba siku zile aliweza kumcheka yeyote.

Mwaka wangu wa pili kililetwa kipimo kutoka ng'ambo. Kilikuwa sanduku la chuma la ukubwa wa mkate wa bofulo, lenye kioo juu na mshale uliosoma kutoka sifuri hadi ishirini. Kazi yake ilikuwa kupima mtikisiko wa mashine. Sisi tulikiita Kisanduku. Injinia wetu, Mhindi mmoja wa Mombasa aliyekuwa mkali lakini mwenye haki, alitafuta mtu mwenye mwandiko mzuri wa kujaza daftari lake, akanichagua mimi. Kuanzia siku hiyo nilitembea nikiwa nimekikumbatia kifuani, na mtu akikigusa nilimwambia, "Taratibu, bwana, hiki ni chombo." Mzee Rashidi alikizunguka mara moja, akauliza kama kinakula. Nilipomwambia hakili, akasema basi hakiwezi kufanya kazi muda mrefu.

Nawaeleza kilivyokuwa ndani, kwa sababu vipimo vyenu vya siku hizi vimefungwa kabisa na nyinyi mnaviamini kama kitabu cha dini. Ndani ya Kisanduku palikuwa na kipande kizito cha chuma kilichoning'inia kwa springi. Ukiliweka sanduku juu ya mashine, sanduku hutikisika pamoja na mashine, lakini kile kipande kizito ndani hukawia, hubaki kimetulia. Tofauti ya mwendo wao ndiyo iliyosukuma mshale. Na ili kile kipande kisije kikabembea chenyewe ovyo, kilizamishwa ndani ya mafuta maalumu, mepesi, yasiyobadilika kwa joto wala baridi. Tatu hadi tano kwenye kioo, mashine ina afya. Tisa, fungua uitazame. Kumi na moja, simamisha haraka utafute sababu baadaye.

Kipimo nacho lazima kipimwe. Tulikuwa na meza ndogo ya chuma yenye mota, iliyopanda na kushuka kwa kiasi kile kile siku zote. Ukikiweka Kisanduku hapo, lazima kisome tano. Kikisoma nne au sita, basi kimehama, na ubavuni palikuwa na skrubu ya kukirudisha kwenye tano. Kazi ya dakika kumi. Nilipewa bisibisi yake ndogo na nikaitia mfuko wa kifuani, ionekane.

Sasa kosa. Ilikuwa mwezi wa tatu, joto la kuchemsha bongo. Mafuta ya ndani yalikuwa yamepungua kwa kuvuja, na mshale ukawa unarukaruka. Pamoja na Kisanduku ililetwa chupa moja ya mafuta ya akiba, chupa ndogo kama ya marashi. Nikaifungua mbele ya washona magunia, nao walikuwa wamekuja kunitazama, nami nikawa naeleza, naeleza, mkono huku, mkono kule. Kiwiko kikaipiga. Chupa ikalala, mafuta yakatiririka mezani, yakaingia sakafuni, yakachanganyika na asali ya miwa. Washona magunia wakasema "Pole," wakaondoka mmoja mmoja.

Ningemwambia Injinia siku ile ile, angenifokea hadi saa sita, na baada ya chakula tungeandika barua ya kuomba chupa nyingine. Lakini nilikuwa nimejitangaza kiwanda kizima kwamba chombo hiki hakiguswi na mtu ila mimi. Nitasemaje kwamba nimekimwagia mafuta yake? Nikanyamaza. Nikajaribu mafuta ya mashine, mshale ukawa mvivu. Nikajaribu mafuta ya taa, kipande cha ndani kikacheza ngoma. Nikarudi nyumbani na huzuni yangu.

Mwanaisha alikuwa mke wangu wa miezi minne tu, mtu wa Gazi, na chupa ya mafuta yake ya nazi ilikuwa dirishani, aliyakamua mwenyewe. Nikachovya kidole. Nikayasugua baina ya kidole na gumba. Lo! Wepesi ule ule! Nikayaangalia kwenye mwanga, safi kama maji.

"Wayatakia nini mafuta yangu?" akaniuliza.

"Kazi ya serikali," nikamwambia, na kiwanda hakikuwa cha serikali.

"Serikali ina nywele?"

Nikamimina kidogo kwenye kichupa, na kesho yake nikakijaza Kisanduku. Nikakiweka mezani, mota ikazunguka, mshale ukasimama kwenye tano barabara. Nikajiona mvumbuzi. Harufu haikunishtaki, kwa sababu kiwanda kizima kilinuka vichwa vilivyopakwa mafuta hayo hayo, changu kikiwa cha kwanza. Mwezi wa nne ukapita, wa tano ukapita na mvua zake, Kisanduku kinasoma vizuri kabisa. Mimi mwenyewe nikasahau.

Halafu kikaja kipupwe. Nyinyi mliokulia Ukunda kwenye majumba ya mabati hamkijui kipupwe vizuri. Mwezi wa saba, alfajiri, chumba cha mawe kilikuwa baridi mpaka mtu anajikunja. Na Kisanduku kililala ndani ya kabati la chuma katika chumba cha mawe.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba asubuhi kilisoma tatu na alasiri kilisoma tano, mashine ile ile, beringi ile ile. Nikakipeleka kwenye meza ya kupimia alasiri. Tano. Hakina kasoro. Kesho yake nikakipima alfajiri kabla Injinia hajafika. Tatu! Kimehama. Nikatoa bisibisi yangu kifuani, nikazungusha skrubu mpaka kikasoma tano, nikaandika kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri: kimerekebishwa. Sikujiuliza kwa nini kimehama. Kijana aliyepewa bisibisi hajiulizi.

Alasiri ya siku hiyo nikakiweka kwenye beringi ya nje ya injini kubwa. Mshale ukapanda. Saba. Tisa. Ukasimama kumi na moja.

Nilipiga kelele. King'ora kikalia, mvuke ukafungwa, rola zikasimama na miwa ikiwa mdomoni. Nje matrekta yalipanga foleni mpaka barabarani. Mzee Rashidi aliweka mkono wake juu ya beringi wakati injini ikimalizia mizunguko ya mwisho, akasema, "Mbona haina kitu?" Hakuna aliyemsikiliza. Tuliifungua beringi ile kwa saa tatu. Ndani ilikuwa inang'aa kama sahani ya harusi.

Injinia hakunifokea, na hilo lilinitisha zaidi. Alikichukua Kisanduku mwenyewe, akakipima pale pale alasiri, akakikuta kinasoma juu, akairudisha skrubu mahali pake pa zamani mbele ya watu wote. "Bakari," akasema, "skrubu hii usiiguse tena bila mimi." Kisha akafikiri, akatoa uamuzi wake: alasiri matrekta ni mengi uwanjani na sakafu yote inatetemeka, kwa hiyo vipimo vya alasiri havifai. Kuanzia kesho tutapima asubuhi tu, kiwanda kikiwa kimetulia. Ilikuwa sababu nzuri sana, yenye akili, na ilikuwa si kweli. Mimi nikasema, "Ndiyo, bwana."

Kwa wiki tatu kila asubuhi nikaandika tatu. Tatu, tatu, tatu. Daftari lilipendeza.

Wiki ya pili Mzee Rashidi akaniita. Mkono wake ulikuwa juu ya beringi ya nje, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Bakari, hii yaumwa."

"Kisanduku kinasema tatu, Mzee."

"Kisanduku chako kiambie kije kiguse hapa. Kuna kitu chakwaruza kwa ndani, chaja, chapotea, chaja."

"Kimegusa hapo hapo sasa hivi. Tatu."

Alinitazama, akautazama mkono wake. Alikwenda kwa Injinia. Injinia alikuja, akasoma daftari, akamwambia kwa upole kwamba tumekwisha kusimama alasiri nzima kwa beringi hii hii na hatukukuta kitu. Mzee Rashidi alikwenda tena siku ya tatu yake, na safari hii upole ulikuwa umepungua. Mara ya tatu hakwenda kwa mtu. Ijumaa asubuhi, injini ikiwa katika kazi, aliufunga mvuke kwa mkono wake mwenyewe bila idhini ya yeyote na akakaa chini mbele ya gurudumu kubwa, gurudumu la chuma lenye kimo cha watu wawili, akasema injini haiwashwi mpaka beringi ifunguliwe. "Likichomoka hili," alisema, "litatoka na ukuta na sisi sote tuliomo."

Injinia aliagiza Kisanduku. Nilikileta kutoka kabatini, baridi kama jiwe la kisima. Mzee akainuliwa kwa adabu, akawekwa kando, na injini ikawashwa polepole. Mshale ukasoma tatu.

Watu wa zamu walitazama chini. Jumamosi Injinia alitangaza kwamba Mzee Rashidi amefanya kazi kubwa, na umri ni umri, na kuanzia Jumatatu atakaa lango la mbele kuhesabu matrekta yanayoingia. Dereva wa injini kuhesabu matrekta! Kwa mtu yule lilikuwa kaburi lenye mlango.

Jioni nilimkuta bombani, akiuosha mkono wake. Alikuwa ameuosha kwa muda mrefu mpaka vidole vimejikunja. Sikutegemea anisemeshe, lakini alisema, bila kunitazama.

"Labda ni kweli, Bakari. Nimekwenda nyumbani nikaweka mkono kwenye kinu cha mke wangu anapotwanga, kwenye ukuta, kwenye kifua changu. Sasa sijui ninachosikia ni kitu ama ni mimi natetemeka. Mtu hujuaje mkono wake umekufa?"

Nilimwambia, "Mzee, usiseme hivyo." Hilo tu. Nikaenda zangu nyumbani.

Jumapili asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi. Mwanaisha alikuwa amekaa mkekani na kitana mkononi, amezifungua nywele. Akanirushia chupa.

"Nipelekee hiyo jikoni uiweke karibu na makaa. Mafuta yameganda."

Nikaidaka. Nikaigeuza juu chini. Hayakumwagika. Yalikuwa meupe, mazito, yameshikana na chupa. Nikaigeuza tena. Nilisimama pale katikati ya chumba kwa muda mpaka mke wangu akaniuliza kama nimepigwa na jini.

Mtoto yeyote wa pwani anajua kwamba mafuta ya nazi huganda kipupwe. Nimekua nikimwona mama yangu akiyaanika. Nilikuwa nayajua kichwani pangu, kwenye nywele, sikuyajua ndani ya chombo cha ng'ambo! Kile kipande cha chuma kilikuwa kimeshikwa na mafuta yaliyoganda kila asubuhi, kinatikisika pamoja na sanduku lake, na mshale haukuwa na tofauti ya kuonyesha. Beringi ingeweza kupiga yowe, Kisanduku kingesema tatu. Niliketi chini nikamweleza Mwanaisha kila kitu, tangu kiwiko hadi bombani.

"Basi kesho utawaambia," akasema.

"Nikiwaambia nitafukuzwa."

"Na usipowaambia?"

Nilikuwa nimekwisha kupata ujanja wangu, msidhani. Jumatatu nilifika mapema sana, nikakitoa Kisanduku kabatini, nikakiweka juu ya ukuta wa boila mpaka kikapata joto. Mafuta yatayeyuka, mshale utasema kweli, Mzee atarudi kwenye injini yake, na hakuna atakayejua lolote. Mficha uchi hazai, lakini mimi nilitaka kuzaa na kuuficha vilevile. Hata hivyo nilikuwa nimeitia chupa ya Mwanaisha kwenye kikapu changu, sijui kwa nini; labda yeye ndiye aliyeitia.

Saa kumi na mbili nikakiweka kwenye beringi ya nje, Injinia amesimama, dereva mpya amesimama, na Mzee Rashidi amekuja kuchukua mswala wake na birika yake ya kahawa. Mshale ukapanda. Tano. Saba. Tisa, na unatetemeka kuelekea kumi.

"Bwana Injinia," nikasema, "tisa na nusu. Mzee alikuwa na haki."

Injinia aliutazama mshale, akanitazama mimi. Akanyoosha mkono. "Nipe bisibisi."

"Sijagusa skrubu, bwana."

"Ijumaa tatu, leo tisa na nusu, siku ile ile ambayo mwalimu wako anaondoka. Wanidhania mimi mtoto?" Akamgeukia Mzee Rashidi. "Na wewe, Mzee, umemtuma?"

Hapo ndipo nilipomwona Mzee Rashidi akiinama. Mtu aliyeninyang'anya usingizi kwa majivuno yake aliinama kama aliyeshikwa na mali ya mwizi, na hakujitetea, kwa sababu hata yeye hakuwa na hakika tena. Basi, vijana, maji yakafika shingoni. Nikakichukua kikapu, nikatoa chupa ya mke wangu, nikaigeuza juu chini mbele ya wote. Hakuna kilichomwagika.

"Haya ndiyo yaliyomo ndani ya Kisanduku," nikasema. "Niliyatia mimi mwezi wa tatu. Yale ya ng'ambo niliyamwaga kwa kiwiko changu, na Mzee hajui lolote. Asubuhi yanaganda. Kila kipimo cha asubuhi nilichoandika ni uwongo."

Injinia alikifungua Kisanduku pale pale, akanusa. Aliagiza kifungwe tena na kizikwe ndani ya barafu ya gunia la samaki wa mpishi, akakipima mezani: mbili. Akakirudisha kwenye boila kikapata joto, akakipima tena: tano. Nilitazama mshale ule kama mtu anayesomewa hukumu. Kisha akasema, "Fungeni mvuke."

Beringi ikafunguliwa. Utando laini wa madini uliomo ndani, ule unaobeba mhimili, ulikuwa umepasuka nusu ya duara, na vipande vyake vilitoka mkononi kama ukoko wa wali. Injinia aliviweka juu ya gazeti, kimoja kimoja. Alimwendea Mzee Rashidi na akamwomba radhi mbele ya zamu nzima, na watu wa zamu wakaitikia kwa sauti kama waliokuwa msikitini. Halafu akanigeukia.

"Bakari, kachukue vitu vyako."

Nikaanza kuelekea kabatini. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mzee Rashidi, kavu, bila huruma hata chembe.

"Mwache huyo. Ukileta mwingine, itabidi tungoje mpaka naye aharibu kitu. Huyu amekwisha kuharibu chake."

Injinia alicheka, hakutaka, lakini alicheka, na ndipo nikabaki. Adhabu aliipanga Mzee mwenyewe. Kila asubuhi, kabla sijakigusa Kisanduku, niweke kiganja changu kwenye kila beringi na nitaje namba kwa sauti, watu wakisikia. Baadaye ndipo Kisanduku kiwekwe. Mpaka mafuta mapya yalipofika kwa meli, nilikipasha joto kwanza, nikakipima mezani kabla ya mzunguko na tena baada ya mzunguko, nikaandika namba zote mbili. Hilo mlilolichukia katika miaka yenu yote pamoja nami, la kupima kabla na baada, na kutoigusa skrubu mpaka mtu aniambie kwa nini kipimo kimehama, limetoka hapo. Mlikuwa mkinong'ona kwamba ni uzee. Ni mafuta ya nywele.

Lakini adhabu iliyonikata si hiyo. Mzee Rashidi hakuniitikia shikamoo. Mjue kwa mtu wa kwetu jambo hilo ni nini. Mkubwa anaweza kukutukana, akakupiga bakora, na bado salamu yako akaiitikia. Mimi niliingia asubuhi nikasema, "Shikamoo, Mzee," naye akafuta birika yake. Kesho yake, "Shikamoo, Mzee," naye akatazama dirishani. Nilijua ananidai nini. Wiki tatu nilimwacha auzike mkono wake ukiwa hai.

Nami kila asubuhi niliweka kiganja, na kila asubuhi nikachekwa. "Sita," nasema, Kisanduku kinasema tatu. "Tatu," nasema, kinasema saba. Mtu mmoja wa boila alipendekeza nijaribu mguu. Nilianza kuuosha mkono wangu kwa ndimu usiku, kwa siri, na Mwanaisha akaona, akanisogezea ndimu nyingine bila neno.

Siku ya kumi na moja niliingia, nikamwamkia, hakuitika kama kawaida. Nikaweka kiganja juu ya beringi ya nje, iliyotiwa madini mapya. Nikafumba macho. Kwa muda hapakuwa na kitu ila joto. Halafu, chini ya joto, kitu kidogo, cha taratibu, kikipita na kurudi, kinapita na kurudi bila kukwaruza.

"Nne," nikasema.

Watu wakaanza kucheka kabla ya wakati. Nikakiweka Kisanduku. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama kwenye nne, na kicheko kikakatika. Mzee Rashidi akasogea. Aliinama sana kwa sababu macho yake hayakuwa mazuri, akautazama mshale, kisha akauweka mkono wake wa kulia kando ya wangu juu ya beringi, akauacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Marahaba," akasema.

Nililia, vijana. Nikasingizia mvuke.